Kuku wa Kienyeji, Mtu wa Kienyeji

(Hotuba iliyotolewa Mombasa, mkesha wa Siku ya Kiswahili Duniani. Mzungumzaji ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili.)

Wazee wangu, mashekhe, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mtoroke kwa urahisi: asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mnaonisikia huko nyuma nyanyueni mikono. Haya. Hili pangaboi lina sauti kunishinda, lakini tukilizima tutaiva.

Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya uzuri wa Kiswahili. Nikamwambia kijana aliyeniletea, mwanangu, uzuri umeshasemwa, na kesho tarehe 7 Julai utasemwa tena kutwa nzima redioni. Tangu UNESCO iitenge siku hiyo mwaka 2021, kazi yetu imekuwa moja: tunavaa, tunaghani mashairi, tunakula biriani, tunakwenda zetu. Mimi niacheni niseme ubaya wake. Niseme maneno tunayowatupia watu tunaowaona hawajastaarabika, au wamepitwa na wakati. Mshamba. Mshenzi. Mjinga. Mnyika. Mbara. Wa kuja. Limbukeni. Wa kienyeji. Na hili la juzijuzi ambalo wajukuu zangu wamenivika mimi mwenyewe: analogi.

Nitaanza na lile lililonipata mwanzo.

Mimi ni Mdigo, mzaliwa wa ng'ambo ya pili, Matuga. Mara yangu ya kwanza kuvuka feri ya Likoni nilikuwa na miaka tisa, nimeshika pindo la leso ya mama. Kwetu, mtoto akipita mbele ya watu bila kuamkia, habari hufika nyumbani kabla yake, na fimbo humngoja mlangoni. Basi nilipoingia kwenye feri nikaanza kazi. Shikamoo huyu, shikamoo yule, mmoja baada ya mwingine: mahamali na mikokoteni yao, wachuuzi wa samaki, makarani waliofunga tai. Nilikuwa nishafika kama mtu wa ishirini hivi, nao wengine wanaitikia huku wanacheka, pale msichana wa rika langu, sare yake imepigwa pasi mpaka inakata, alipomwambia mwenzake: "Mtazame huyu mshamba."

Sikulia. Wala sikujua kuwa nimetukanwa. Niliona kasema kweli: kwetu tulikuwa na shamba, lenye minazi na mikorosho na mihogo, na baba alikuwa akilima. Nilijua kuna jambo pale tu mama aliponibana mkono. Ilichukua miaka mingi, nishakuwa mwalimu mwenyewe, ndipo likanijia usiku mmoja nikisahihisha insha: kosa langu siku ile lilikuwa salamu. Jambo la kwanza ambalo Mswahili humfunza mwanawe, ndilo lililonifanya mshamba mbele ya Waswahili.

Tangu hapo nimekuwa na mazoea nikisikia neno la dharau. Silitazami kule lilikorushwa. Natazama lilikotoka, nione limefungwa kwenye kigingi gani. Maana maneno haya yote ni kama mbuzi wa uani: kamba inaweza kuwa ndefu, lakini kigingi kiko nyumbani kwa mwenye mbuzi.

Tuchukue hilo la mshamba. Kigingi chake ni mji. Mwaka 1331 alipita kisiwa chetu hiki msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier kule Moroko. Aliyoyaandika ni machache lakini yatosha. Alisema watu wa Mombasa wanakula ndizi na samaki, na kwamba kisiwani hakulimwi nafaka. Nafaka yao huletwa kutoka Sawahili, yaani mwambao wa bara. Akawasifu kuwa ni watu wa dini, waaminifu na wema, na misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi mkubwa. Kisha akasema wanatembea pekupeku, na kwenye milango ya misikiti kuna visima ambako mtu huosha miguu kabla ya kuingia.

Hebu liangalieni hilo. Karibu miaka 700 iliyopita, muungwana wa Mombasa hana viatu na anakula nafaka ya watu wa shamba. Leo mtu akipita pekupeku barabara ya Digo tutamwita nani? Na hiyo nafaka je? Nendeni soko la Kongowea alfajiri, hesabuni malori. Mji huu haujawahi kujilisha hata siku moja, na bado neno la kumdharau mtu tumelitoa kwenye jina la mahali chakula chetu kinakotoka.

Msidhani ni sisi peke yetu. Warumi walimwita mtu wa kijijini *paganus*, na neno hilo likaja kuwa la kumwita asiye Mkristo, kwa sababu, wasemavyo baadhi ya wataalamu, dini mpya ilishika mijini kwanza. Waingereza wana neno *villain*, yule jambazi wa kwenye sinema. Asili yake ni Kilatini, mtu wa *villa*, na villa ni shamba la tajiri. Jambazi wa sinema, mabibi na mabwana, ni mshamba! Na Mholanzi akisema *boer* anamtaja mkulima tu. Neno kama hilo likivuka bahari na kufika Uingereza linakuwa mtu asiye na adabu. Waarabu nao wana *tamaddun*, ambalo sisi tumelifanya utamaduni, nalo limetoka kwenye *madina*, yaani mji. Kwa hiyo hata tukisema "utamaduni wa watu wa vijijini" tunasema, kwa mizizi ya maneno, umji wa wasio na mji. Mmoja tu namkumbuka aliyelipindua jambo hili kwa ushujaa, naye ni mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyefariki 1406. Yeye alishikilia kuwa watu wa jangwani wako karibu zaidi na wema kuliko watu wa mijini walioharibiwa na starehe. Lakini aliyaandika hayo kwa wasomaji wa mijini.

Mahali si kigingi peke yake. Kipo cha ulimi. Wagiriki waliwasikia wageni wakisema, wao wakasikia bar-bar-bar tu, wakawaita *barbaroi*. Mwambao wa kaskazini ya Somalia uliitwa Barbaria katika maandishi ya mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, na mji wa Berbera uko pale hadi leo na jina lake. Warusi wanawaita Wajerumani *nemtsy*, jina lenye mzizi mmoja na neno lao la bubu. Na Waarabu wana *ajam*, wasiosema Kiarabu, wenye maneno yasiyoeleweka, na hasa walikusudiwa Wafursi. Sisi tukalipokea tukatengeneza nalo jina la nchi: Uajemi. Sasa kaeni vizuri, maana hapa pana kichekesho. Ni koo ngapi za mwambao huu zinazojisifu kuwa asili yao ni Shirazi? Na Shirazi iko wapi? Iko Uajemi. Tunajifakharisha kwa kutoka nchi ambayo jina tunaloiitia maana yake ni nchi ya wasioeleweka wanachosema.

(Naona mzee wangu mmoja hapa mbele hacheki. Tutazungumza baadaye, mzee wangu, kwa kahawa.)

Hayo yote ni mepesi. Nimeyatanguliza kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Neno letu zuri kuliko yote ni muungwana. Tunamwita hivyo mtu mpole, mkarimu, anayetimiza ahadi. Lakini muungwana kwa maana yake ya kwanza si mpole. Ni mtu huru, asiye mtumwa. Biblia ya Kiswahili waliyo nayo jirani zetu Wakristo bado inaweka "mtumwa" upande mmoja na "mungwana" upande wa pili. Uungwana ulikuwa nasaba kwanza, tabia ikafuata, kwa hesabu kwamba aliye huru ndiye mwenye tabia. Na wale wasio waungwana walipangwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa na jina.

Ngazi ya chini kabisa, jamani, ni mjinga.

Mimi mwenyewe nimelitumia neno hilo darasani mara nisizoweza kuhesabu, Mungu anisamehe. Lakini wamisheni waliokusanya maneno ya Kiswahili katika karne ya 19, Edward Steere mmoja wao, wanatuambia mjinga aliitwa hasa mtumwa aliyefika karibuni. Ametolewa Nyasa au Uyao huko, ametembezwa miezi, amevushwa kwa jahazi, ameteremshwa pwani. Hajui lugha. Hajui vipi watu hukaa, vipi huomba maji, nani wa kupigiwa magoti. Huyo ndiye mjinga. Akikaa, akajifunza, anapanda kidogo. Akizaa hapa, mtoto ni mzalia, na mzalia humcheka mjinga. Mtumwa wa nyumbani mjini humcheka mtumwa wa shamba. Na mashamba ya wakati ule, ya Malindi, Takaungu, na ya viunga vya Mombasa hapa, hayakuwa kibustani cha nyuma ya nyumba. Yalikuwa mashamba makubwa ya mtama na minazi, na waliolima walikuwa watumwa. Kwa hiyo yule msichana wa kwenye feri, bila ya kujua, aliniambia zaidi ya lile nililolisikia. Mimi naamini ukali ulio ndani ya neno mshamba haukutokana na udongo tu. Umetokana na nani alikuwa akiinama juu ya udongo huo, na nani alikaa barazani mjini akingoja mavuno.

Na mshenzi? Mshenzi alikuwa bado huko bara, hajafikiwa. Wapagazi na askari wa misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo wakielekea Tabora na Ujiji walijiita waungwana, na wote waliowakuta njiani wakawaita washenzi. Wengi wa hao waungwana walikuwa watumwa! Walikuwa na mabwana zao pwani. Lakini mtu akishavuka nyika, mbali na bwana wake, kofia kichwani, Kiswahili mdomoni, nani atamuuliza? Neno walilojivika wakalifikisha mpaka Kongo, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana kwa sababu yao. Mimi siwacheki watu hawa. Nawaelewa kuliko nawaelewa mabwana zao. Mtu aliyeitwa mjinga akiteremka jahazini, miaka kumi baadaye amepata mtu wa kumwita mshenzi. Hiyo ndiyo dawa ya maumivu iliyokuwa karibu.

Hapa pwani yetu sheria ilifuta utumwa 1907, miaka kumi baada ya Unguja na Pemba. Ukienda Kisauni, pale Kengeleni, jina lenyewe ni ushahidi: kengele ya Frere Town, makazi ya walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisheni miaka ya 1870. Sheria iliwafungua watu, maneno ikayaacha. Watu wakaanza kuyafungua wenyewe, kwa nguo. Kule Unguja wanawake waliokuwa wakivaa kaniki, ile nguo nyeusi ya kitumwa, waliitupa wakanunua leso za rangi. Nani sasa atajua nani alikuwa nani? Na nadhani ni katika hali hiyo ndipo ule msemo wetu unapata makali yake: uungwana ni vitendo. Sisi tunausema kama nasaha ya watoto. Usikilizeni tena, kama unavyosemwa na mtu ambaye babake alinunuliwa, akimjibu mtu aliyemuuliza, wewe mwana wa nani? Uungwana ni vitendo, bwana. Ule si wasia. Ni hoja.

Kisha likapanda neno jingine likaketi juu ya uungwana: ustaarabu. Karne ya 19, Wamazrui waliokuwa wakiutawala mji huu wameshaondolewa Mombasa 1837, Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, ndiye mwenye pwani, heshima yote inapimwa kwa Uarabu. Kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu, hata umbo la neno ni la Kiarabu kitupu. Muungwana wa zamani wa miji yetu hii, mwenye nyumba ya mawe na msikiti wake tangu Ibn Battuta hajafika, akajikuta naye anahitaji kustaarabika. Kigingi kimehamishwa usiku, amelala.

Lakini neno hilo nalo lina mikia. Hispania, chini ya utawala wa Waislamu, Wakristo waliofuata lugha na desturi za Waarabu waliitwa kwa neno hilohilo, likawa Mozarabe. Na wanazuoni wa nasaba wa Kiarabu waliwagawa Waarabu wenyewe: wapo Waarabu wa asili, na wapo *musta'riba*, waliostaarabika, waliokuja kuwa Waarabu baadaye. Makureshi, kabila la Mtume mwenyewe, wamo katika fungu hili la pili. Siku niliposoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Baadaye Mzungu akaja na kigingi chake. Walowezi walilipenda neno shenzi, wakaliingiza ndani ya Kiingereza chao cha huku. Mbwa asiye na nasaba, shenzi. Kazi iliyofanywa ovyo, shenzi. Mtumishi, ndiyo hivyo hivyo. Nasi tukabaki na choo cha kizungu, dawa ya kizungu, kuku wa kizungu. Na upande wa pili, kienyeji.

Hapa ndipo jina la hotuba yangu. Kienyeji limetoka kwa mwenyeji. Mwenyeji ni nani? Ni mwenye mji. Ndiye anayempokea mgeni, anayemwonyesha pa kulala. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa vipi mambo ya mwenye mji yakawa ndiyo mambo duni? Kijana akimwambia msichana "wewe una mambo ya kienyeji", anamtukana kwa kumwambia kuwa yuko kwao. Nenda basi sokoni uulize bei. Kuku wa gredi, bei yake. Kuku wa kienyeji, bei yake juu zaidi, tena muuzaji hataki mzaha. Mboga za kienyeji zimepanda heshima mpaka zinapikwa hotelini. Hando, lile vazi la marinda ambalo mama zetu wa Mijikenda walichekwa nalo wakija mjini, leo mtalii analipa kulitazama likicheza. Mlango wa nakshi wa Mji wa Kale ni kitu cha fahari kwa sababu ni wa kale. Kila kitu cha kienyeji na cha kale kimepanda bei isipokuwa mtu.

Nimetaja Mijikenda. Siwezi kulipita hili, nisije nikarudi Matuga nikaulizwa.

Kwa muda mrefu sisi tisa, Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma na Waduruma, tuliitwa kwa jina moja na watu wa pwani: Wanyika. Watu wa porini. Wamisheni wakalichukua hivyo hivyo, serikali ya kikoloni ikalichukua, likaandikwa kwenye ramani. Miaka ya 1940 wazee wetu walilikataa. Na jina walilolichagua badala yake ni miji kenda, miji tisa. Mliona walichofanya? Hawakujitafutia jina la shujaa wala la mlima. Walilishika neno lilelile walilonyimwa, mji, wakalichomeka mwanzo kabisa wa jina lao. Nyinyi mnasema sisi ni wa nyika. Sisi tuna miji, na tunaweza kuihesabu. Miji yenyewe ni kaya zetu, zilizo ndani ya misitu, na misitu hiyo tangu 2008 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lugha zetu na Kiswahili ni watoto wa tumbo moja. Mtaalamu wa lugha hahitaji hata dakika tano kulithibitisha. Sijui jibu jingine la tusi lililojibiwa kwa ufupi na ustadi kama hilo la miji kenda.

Nyinyi vijana wa kisiwani mnaniangalia kana kwamba nimekuja kuwasuta. Ngojeni, na nyinyi mna zamu yenu.

Mswahili, mtu wa mji tangu jadi, jina lake mwenyewe limekuwa nini? Vukeni mpaka muende Dar es Salaam, muulize uswahilini ni wapi. Watakuonyesha mitaa iliyobanana, maji ya shida, kelele usiku kucha. "Acha uswahili" maana yake acha umbeya, acha ujanja wa kijinga. Nairobi nako, mtu akikwambia "usiniletee uswahili" hakusifii ufasaha. Watu waliowaita wenzao washamba na washenzi kwa karne nyingi wameamka wakakuta jina lao limetundikwa kwenye ukuta uleule.

Na pigo jingine lilipigwa hapahapa Mombasa. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki walikutana katika mji huu kuamua ni Kiswahili kipi kifanywe sanifu. Walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja. Tangu siku hiyo Kimvita, Kiswahili cha Mombasa hapa, lugha ya mshairi Muyaka bin Haji, kikawa "lahaja". Nimefundisha miaka mingi, na kalamu nyekundu nilikuwa nayo mimi. Mtoto wa Kibokoni anaandika "ndaa", namwekea mkasi: njaa. Anaandika "ndia", mkasi: njia. "Mtele", mkasi. Akija mzazi kuniuliza, ninamwambia ndivyo mtihani utakavyo. Mwaka mmoja bibi mmoja wa Mji wa Kale, buibui lake na miwani yake, alinitazama sana kisha akasema: "Mwalimu, kumbe mimi ni mshamba nyumbani kwangu." Nilikuwa sina la kumjibu. Yeye wa Mji wa Kale, mimi wa Matuga, na neno langu la kwenye feri limerudi, mimi ndiye nimelirudisha, tena kwa wino.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na msomi wa Kiswahili ambaye wengi wenu mlimjua, alifanya kinyume changu. Yeye aliyasaka maneno ya kale na ya lahaja ili ayape kazi mpya. Neno runinga tunalolitumia sote ni mkono wake. Mashine mpya imepewa jina na mtu ambaye wajukuu zangu wangemwita analogi.

Kuna maneno mawili nayataja kwa haraka, si kwa sababu ni madogo. Mbara, na wa kuja. Ya kutaniana, tunasema. Agosti 1997, kule Likoni, maneno hayo yaliacha kuwa utani. Watu waliuawa na maelfu wakahama kwa sababu walihesabiwa kuwa ni wa bara. Wanaokumbuka wamo humu ndani. Nayaacha hapo.

Sasa watu huniuliza, basi Mwalimu, mtu asiye na adabu kweli tumwite nini? Kwani hayupo? Yupo, tena wengi, na lugha haikutunyima. Yupo mfidhuli. Yupo safihi. Yupo mtovu wa adabu, na yule wa kauli mbovu. Maneno hayo ni makali kuliko mshamba, lakini yana sharti moja: lazima mtu afanye kitu kwanza. Huwezi kumwita mtu mfidhuli kwa kumtazama viatu. Na mfidhuli anaweza kuwa na nyumba Nyali na gari mbili.

Mwanafunzi mmoja alinitumia ujumbe wiki iliyopita: si tuyafute tu kwenye kamusi, haya mjinga na mshenzi? Mwanangu, kama uko hapa, jibu langu ni hapana. Ukilifuta neno mjinga, yule mtu aliyeteremshwa jahazini hajui kuomba maji atakuwa amepotea mara ya pili; hana kaburi linalojulikana, hana jina, ana neno hilo tu. Mimi nataka waongeze. Waandike pale chini, kwa herufi ndogo hata, alikuwa nani.

Nimebakisha limbukeni, kwa sababu nalipenda. Tunamwita hivyo mtu aliyekipata kitu kwa mara ya kwanza akapagawa nacho: simu mpya, cheo kipya, gari. Lakini kulimbuka asili yake ni kuonja mavuno ya kwanza ya msimu, yale malimbuko. Ni neno la shambani. Mtu anashika hindi bichi la kwanza, anafurahi kupita kiasi, mwaka mzima alikuwa anangoja. Kenya ilipozima mitambo ya runinga ya analogi mwaka 2015 nilinunua kisanduku kile cha dijitali nikakaa nacho siku mbili sijui kipi kinabonyezwa. Mjukuu wangu akaniita analogi. Nikamwambia, mimi ni limbukeni. Akauliza limbukeni ni nini, mwana wa Mombasa huyo, nikamweleza kuanzia kwenye hindi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bibi, hilo neno ni la kizamani sana," akanichukulia rimoti.

Ahsanteni. Nje kuna kahawa chungu, na mahamri ya aina mbili: yaliyochomwa kwa oveni, kwa wanaojichunga mafuta, na ya kienyeji. Nimepita kuchungulia kabla sijaanza kusema. Ya kienyeji yalikuwa yamebaki machache.